Muuza Maziwa na Figo Yake ya Kushoto

Nimezaa watoto wanne, mmoja wao kando ya zizi kabla mkunga hajafika, kwa hivyo nilidhani maumivu nimeshayamaliza. Asubuhi moja ya baridi, mtaa wetu wa Kimumu ukiwa bado na ukungu na foleni ya wateja wangu wa maziwa imefika kwenye mtaro, kitu kilinishika upande wa kushoto chini ya mbavu, kikateremka hadi kwenye kinena, nami nikamwaga maziwa ya mteja mmoja juu ya viatu vyake. Sikuomba radhi. Nilikuwa nimeng'ang'ania meza ya duka nikitafuta namna ya kusimama. Nikiinama kilikuwapo, nikikaa kilikuwapo, nikichuchumaa nyuma ya mikebe ya maziwa kilikuwapo, na mwishowe nikatapika chai yote ya asubuhi mbele ya watu ninaowauzia kila siku.

Wateja wangu wote ni madaktari. Mmoja alisema ni kidole tumbo. Mwingine akasema ni vidonda vya tumbo, dawa yake ni kabeji mbichi. Mama wa mboga, ambaye kibanda chake kimepakana na duka langu, alinikaribia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, uko sure si mimba?" Nilikuwa nimekwisha kuvuka miaka arobaini na mitano. Kama si yale maumivu, ningemjibu jibu la kukumbukwa.

Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi na hana haraka na jambo lolote duniani, lakini siku hiyo nilimwona akikimbia. Hospitalini walinidunga sindano ya maumivu, wakanipiga picha, na daktari akaja kutueleza. Alikuwa mwanamke mwenye umri wa kifunguamimba wangu, msuko wake umefungwa nyuma kama wa msichana wa shule, nami nilimdharau kidogo. Alisema nina jiwe. Lilitengenezeka ndani ya figo ya kushoto, likatoka, likakwama kwenye mrija unaopeleka mkojo kwenye kibofu. Mrija ule ni mwembamba, na ukiziba hujikamua kwa nguvu kulisukuma jiwe, na huko kujikamua ndiko kulikonifanya nitapike mbele za watu.

"Ni ndogo, Mama," alisema. "Hii itatoka yenyewe. Kunywa maji mingi, kunywa hii dawa ya kulegeza njia, na kila ukienda haja uchuje mkojo. Ukipata hiyo jiwe uniletee, tujue ni ya aina gani."

Nyumbani chujio zilikuwa mbili na zote za chai. Mume wangu alizitazama zikining'inia pale jikoni, akasema, "Mama watoto, mimi sina maneno mengi. Naomba tu nijue ni gani ya chai." Akafunga uzi mwekundu kwenye mpini wa moja, na ile nyingine akaihamishia kwenye chumba chake cha vitabu, akawa anakuja nayo mwenyewe saa ya chai na kurudi nayo. Nilicheka mpaka ubavu ukanikumbusha.

Jiwe lilitoka baada ya siku chache. Lilikuwa dogo kama punje ya wimbi, la kahawia, na ukilipitishia kidole ulihisi lina miiba. Nilikasirika kweli. Mimi ninayebeba mikebe ya maziwa kila alfajiri, niangushwe na kitu ambacho kuku angekidonoa bila kukiona! Nikalipeleka hospitali, wakaniambia nirudi kuchukua majibu. Sikurudi. Maumivu yalikuwa yameisha, ng'ombe wangu mmoja alikuwa karibu kuzaa, na mtu ambaye haumwi hana kazi hospitalini. Ndivyo nilivyofikiri.

Hapa ni lazima nieleze habari ya mfupa, kwa sababu bila mfupa hutanielewa.

Ploti yetu ya maduka ina choo kimoja, upande wa nyuma. Ufunguo wake hukaa kwa mwenye bucha, ng'ambo ya barabara, na kwa kuwa ulikuwa ukipotea mara kwa mara, mwenye bucha aliufunga kwenye mfupa wa paja la ng'ombe. Mfupa mzima. Kwa hivyo mwanamke akitaka kwenda haja ilimbidi avuke barabara, aingie bucha ambamo wanaume wameketi wakingoja nyama choma, aombe, apewe ule mfupa, halafu avuke tena nao mkononi mchana kweupe, kila mwenye macho akijua anakokwenda. Akimaliza aurudishe. Wanaume hawakuuhitaji, wao walikuwa na ukuta wa nyuma.

Wanawake wa ile ploti, mimi, mama wa mboga, msusi na fundi wa nguo, tulikuwa na dawa yetu. Hatukunywa kitu. Kikombe cha chai alfajiri, kingine jioni tukishafunga, na katikati tulivumilia. Hatukuwahi kukubaliana hivyo, lakini kila mmoja alikuwa ameifikia kwa akili yake. Tena kwetu sisi maji si kinywaji. Maji ni ya kumezea dawa na ya kunywesha ng'ombe. Ukimwekea mgeni maji matupu, atakwenda kusema kwako maziwa yameisha.

Sasa sikiliza nilivyotumia kichwa changu kigumu. Kanisani mtu mmoja aliyewahi kutolewa mawe aliniambia kwamba mawe ya figo ni kalisiamu, na kalisiamu ni maziwa. Nikaona mwanga. Mimi ninayeuza maziwa, ninayeyanywa tangu niachishwe ziwa, nani mwingine angepata jiwe? Pale pale nikaapa. Kunywa maji kungenitaka nibebe mfupa mara nyingi kutwa, lakini kuacha maziwa ni kitu ambacho ningekifanya peke yangu bila kumwomba mwanamume ufunguo. Nikachagua hilo, na nikiamua nimeamua.

Haikuwa rahisi. Kila mtu aliyekulia huku anajua maziwa ni nini kwetu. Nilikuwa nikikamua asubuhi, povu likipanda na mvuke ukinigonga usoni, halafu naingia ndani kunywa strungi, ile chai kavu isiyo na tone la maziwa. Niliipika nzito, nyeusi, ili angalau iwe na ladha ya kitu. Na kwa kuwa niliogopa mifupa yangu itaishiwa nguvu, nikawa nakula mchicha kila jioni kutoka shamba langu la nyuma, sahani imejaa, chumvi ya kutosha. Wateja waliposikia, waliuliza kama maziwa yangu yana kasoro. "Maziwa ni mazuri," niliwajibu. "Mimi ndiye sina nafasi nayo." Mama mmoja akahamia kwa jirani.

Mume wangu alijaribu mara moja. "Na maji je? Daktari si alisema maji?"

"Strungi ni nini?" nikamuuliza. "Si maji?"

Alirudi kwenye vitabu vyake. Miaka mingi ya ndoa imemfundisha mahali pa kunyamaza.

Pigo kubwa la kiapo changu lilitua kijijini Soy, kwa mama yangu. Mjukuu wake alikuwa ameitwa chuo kikuu na ukoo mzima ukakusanyika. Mama yangu, licha ya umri wake, alitengeneza mursik mwenyewe, yale maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa ya mti, na ni yeye mwenyewe aliyepita akimimina, mtu baada ya mtu. Aliponifikia nilifunika kikombe kwa kiganja.

"Nimeacha, Mama."

"Umeacha nini?"

"Maziwa."

Alisimama na kibuyu chake. "Na sasa unakula nini, nyasi?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alimmiminia aliyenifuata, akaendelea na safu yake, na hakuniambia neno lingine hadi tulipoondoka. Kukataa kibuyu mkononi mwa mama yako mbele ya watu ni kukataa kitu kingine pia, na wote waliokuwa pale walijua. Niliumia sana moyoni. Lakini nilijiambia, heri mama anune kuliko jiwe lirudi.

Lilirudi. Tulikuwa tunavuna mahindi, jua ni kali na vumbi limejaa kila mahali, nikaanza kuumwa upande ule ule, na safari hii nilikuwa na homa. Nilitetemeka hadi meno yakagongana. Mume wangu alinifunika blanketi mbili nami nikawa bado naona baridi, kisha akaacha kufunika akaenda kutafuta gari.

Daktari alikuwa yule yule wa msuko. Alipoona picha na vipimo vya damu, uso wake ulibadilika, na hapo nikaogopa kwa mara ya kwanza.

"Mama, hii si kama ile ingine," alisema. "Jiwe imeziba, na nyuma yake mkojo umeoza, umekuwa usaha. Figo imefura. Tusipofungulia hiyo njia leo, figo inaweza kufa, na wewe unaweza kwenda nayo."

Walipitisha mrija laini kupitia njia ya mkojo, bila kunichanja, ukapita kando ya jiwe hadi kwenye figo, na uchafu ukaanza kutoka. Jiwe lenyewe hawakuligusa. Alinieleza kwamba kulivunja wakati kuna usaha ni kuusambaza usaha kwenye damu. Ni lazima dawa zifanye kazi kwanza. Siku za homa sizikumbuki vizuri. Nakumbuka mume wangu akinilisha uji kwa kijiko, mwalimu mzima, huku akinihesabia vijiko kama mtoto wa nasari.

Nilipopata nguvu ya kukaa, daktari alivuta kiti. Majibu ya lile jiwe la kwanza, ambayo sikuyachukua, alikuwa nayo.

"Sasa niambie ukweli. Unakunywanga nini kutwa?"

Nikamwambia yote. Strungi, mchicha, chumvi, kiapo changu na jinsi nilivyokishika bila kuteleza hata siku moja. Nilimwambia kwa fahari kidogo. Yeye alifunika uso kwa viganja, na nilipodhani analia nikaona anajizuia kucheka.

"Mama, ulifukuza askari ukabaki na mwizi," alisema. "Jiwe yako inatengenezwa na vitu mbili zikikutana. Moja ni hiyo kalisiamu, ni kweli. Ya pili iko kwa majani chai na kwa mchicha, mingi sana. Ukikunywa maziwa pamoja na chakula, hizo mbili zinashikana ndani ya tumbo, zinatoka na choo. Hazifiki kwa figo. Ukitoa maziwa, hiyo ya pili inapita peke yake mpaka huko. Halafu chumvi nayo inavuta kalisiamu kutoka kwa mwili wako inaipeleka huko huko. Na wewe hukunywi maji ya kuziosha. Unaona?"

Niliona. Nilikaa pale kitandani nikihesabu vile vikombe vyote vyeusi nilivyovimeza kwa ushujaa, na asubuhi zote nilizopita kando ya sufuria ya maziwa kama mlevi aliyeokoka anayepita kando ya baa. Nilishikwa na hasira, halafu aibu, halafu nikamkumbuka mama yangu na kibuyu chake, na hapo machozi yakanitoka.

Daktari aliningoja nimalize. "Rudisha maziwa, kiasi, na chakula. Punguza chumvi na mchicha, kula mboga ya sukuma wiki. Kamulia ndimu kwa maji. Na maji yenyewe, unywe mpaka mkojo iwe karibu nyeupe. Figo hii nimeirudisha mara hii. Sikuahidi ya pili."

"Daktari," nikamwambia, "wewe hujui habari ya mfupa."

Nikamweleza. Safari hii hakucheka. Alisema kliniki yake imejaa wauza soko, walimu na madereva wanaobana mkojo na kukimbia maji, na kwamba hana dawa ya choo. "Hiyo," alisema, "itabidi upigane nayo wewe."

Ule mrija nilikaa nao hadi dawa zilipomaliza kazi. Ulinifanya nihisi haja kila wakati na kunichoma kiunoni kila nilipoinama kukamua, nami nikauvumilia kama mtu anayevumilia mgeni mbaya mwenye siku ya kuondoka. Kisha wakanirudisha, wakapitisha kamera nyembamba kwa njia ile ile, wakalisaga jiwe kwa mwanga wa leza likawa unga. Baadaye mrija nao ukatolewa. Nilitembea kutoka pale nikiwa na figo mbili na vita moja.

Asubuhi ya kwanza kurudi dukani niliweka chupa kubwa ya maji juu ya meza, mahali ambapo kila mteja ataiona. Baridi ya Kimumu haimwaliki mtu kunywa maji. Yalishuka yakinigandisha kifua. Nikanywa. Haja ilipokuja nikavuka barabara, nikaingia bucha, nikasema kwa sauti ya mtu anayenunua nyama, "Lete mfupa." Nikavuka nao nikiwa nimeubeba begani kama jembe. Kabla ya saa sita nilikuwa nimerudi tena. Na tena.

"Mama Maziwa," mmoja wa wale wanaongoja nyama alisema siku hiyo, "si ungehamia huko kabisa?"

"Nitahamia," nikamjibu. "Na wewe endelea kukaa hapo na nyama na chumvi na soda. Siku ile jiwe yako itashuka, utaniita, na mimi nitakuletea chujio yangu ya uzi mwekundu."

Bucha nzima ilicheka, yeye akiwa wa mwisho. Kesho yake nikaenda tena, na kesho kutwa. Sikuomba choo kipya wala kumshtaki mtu kwa mwenye ploti. Nilibeba mfupa tu. Mama wa mboga alinitazama wiki nzima, kisha siku moja akaja akajimiminia maji kutoka chupa yangu, akavuka barabara mwenyewe. Baada yake msusi, kisha fundi. Mwenye bucha alichoka kupokea na kutoa mfupa kwa mikono yenye mafuta, akapigilia msumari kwenye mlango wa choo kwa nje, akauning'iniza ufunguo hapo, mfupa akawatupia mbwa. Siku ile nilifurahi kuliko siku nilipotolewa jiwe.

Nilirudi kupigwa picha miezi kadhaa baadaye. Figo ya kushoto ilikuwa safi na uvimbe umeisha. Daktari alifurahi, akaandika, kisha akauliza bila kuinua kichwa kama kuna mtu mwingine kwetu aliyewahi kupata mawe, kwa maana mara nyingine hutembea katika ukoo.

"Hakuna," nikasema.

"Umewauliza, ama unajua tu?"

Nilikuwa najua tu. Jumamosi ile nikaenda Soy.

Mama yangu alikuwa kwenye kibaraza akichambua maharagwe. Nilimsalimia, nikaingia ndani mwenyewe, nikatoa kibuyu na kikombe, nikamkabidhi. Alikitikisa, akamimina, nikanywa nikamaliza, akamimina tena, nikamaliza. Tulikuwa tumepatana. Kisha nikamwomba maji.

"Maji?" Aligeuka. "Nyumba hii imekosa nini?"

Nikamweleza habari yote tangu mwanzo, jiwe, usaha, askari na mwizi. Alisikiliza huku mikono yake ikiendelea na maharagwe. Nilipofika kwenye maumivu, mikono ilisimama. Akainuka, akaja nyuma yangu, akaweka kiganja chini ya mbavu zangu, kisha akakiteremsha polepole hadi kwenye kinena, njia ile ile, kana kwamba aliwahi kuipita.

"Ilianza hapa, ikashuka hivi?"

"Ndiyo, Mama."

"Inakufanya unatapika?"

"Ndiyo."

"Mimi ilinishika nikilima," alisema. "Nyinyi mkiwa wadogo. Upande wa kulia. Nilikuwa nalala kwa mtaro ya mahindi mpaka iniachilie, naamka naendelea. Nilisema ni mgongo ya jembe. Ilikuja miaka mingi. Halafu ikanyamaza."

Zamani ningeshukuru Mungu kwa neno hilo. Sasa lilinitia baridi, kwa sababu nilikuwa nimefundishwa hospitalini kwamba figo inayolia kwa maumivu bado iko hai, na iliyonyamaza huenda imekufa. Alikataa kwenda hospitali siku ile, akakataa juma lililofuata, akisema haumwi na kitu. Nilirudi kila Jumamosi, nikakaa kibarazani, nikachambua maharagwe, nikauliza tena. Hicho kichwa kigumu nilikirithi kwake, kwa hivyo nilijua pa kukigonga. Mwishowe alivaa kitambaa chake cha kanisani akatangulia kuingia garini.

Daktari alimpiga picha, akatuita ndani. Figo ya kulia ilikuwa imesinyaa, ndogo, na ndani yake jiwe kubwa limekaa peke yake. Ilikuwa imekufa miaka mingi iliyopita. Ya kushoto ilikuwa inafanya kazi ya mbili, na inaifanya vizuri.

Mama yangu hakufuata Kiswahili cha daktari chote. Tulipotoka tuliketi kwenye benchi la nje, akaniuliza kwa lugha yetu amesema nini. Nilijaribu kumweleza nikashindwa. Nilimwona akiwa amelala katikati ya mistari ya mahindi, msichana mdogo kuliko nilivyo mimi sasa, jua linamchoma, amefunga kinywa ili watoto wasisikie, na mimi nikiwa mmoja wa watoto hao. Nililia kama mtu aliyefiwa.

"Imekufa?" aliuliza.

"Imekufa, Mama."

"Na hiyo ingine?"

"Iko hai. Iko sawa."

"Basi nyamaza," alisema. "Hiyo iko hai inasikia."

Akachukua chupa ya maji mkononi mwangu, akafungua kifuniko, akaanza kunywa.